Gazeti la Matanga

Keji alinipigia simu kutoka Koboko asubuhi, nikiwa nyuma ya nyumba nakagua maturubai yaliyorudi na matope kutoka harusi moja ya huko Ayivu. Hakunisalimu. Alisema tu, "Letaru, mama yetu amekwenda," nami nikajua ni Mama Poni, kwa sababu mimi na Keji hatuna mama mwingine wa kuchangia. Nikakaa juu ya turubai lenye matope na gauni langu safi, nikalia. Nilipopata pumzi nikauliza maswali ambayo kazi yangu imenizoeza kuyauliza kwa sauti ya upole: maziko lini, uwanja una ukubwa gani, na upepo wa huko unatoka upande gani. Keji akacheka huku analia. "Hata mimi unaniuliza kama mteja?" akasema. Kisha akanijibu yote, maana anaijua kazi hii kama mimi.

Hapa Arua wananiita Mama Turubai. Mtu akifiwa, mara nyingi hunipigia mimi kabla hajampigia mchungaji, kwani mchungaji anaweza kuhubiri juani lakini wafiwa hawawezi kukaa juani. Vijana wanaonifanyia kazi wanadhani niliirithi biashara hii, au nilikaa chini siku moja nikapiga hesabu za akili nikaona watu hawaachi kufa. Wapi. Mimi kazi hii nimeitoa ndani ya gazeti la Wazungu la mashua. Nikisema hivyo wananiangalia kwa huruma, kama mtu anayeanza kuzeeka vibaya. Basi leo niyaweke chini. Nani alinizaa na nilikulia wapi, hayo tuyaache, hayana msaada hapa. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka ambao minara ya simu ndiyo kwanza ilikuwa inasimamishwa Arua, na kitu cha kuja kwa posta kilikuwa bado na heshima yake.

Duka la Mama Poni lilikuwa chumba kimoja kirefu kwenye uchochoro unaoteremka kutoka soko kuu. Mbele kulikuwa na cherehani za kukanyaga, katikati meza ya kukatia, na nyuma, nyuma ya pazia la maua, sigiri iliyokuwa na kazi mbili: asubuhi inatoa makaa ya pasi, mchana inapika. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitambaa kilichopigwa pasi ya makaa nasikia njaa. Mama Poni alikuwa Mkakwa wa Koboko, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, anayeongea na pini mdomoni. Mimi nilikuwa nimetoka shule na Kiingereza kinachotosha kusoma na kisichotosha kuajiriwa. Keji, mwenzangu wa kujifunza kushona, alikuwa mkimbizi kutoka Yei, wakati huo kule bado kunaitwa Sudani tu, na alikuwa na ulimi wa kuchoma na mkono mwepesi kuliko wangu kwenye kila mshono. Tulilala chumba kimoja, tulikula sinia moja, enyasa, yaani ugali wa muhogo, na mboga ya osubi iliyotiwa karanga, na Mama Poni alikuwa akisukuma nyama upande wetu akijifanya anafukuza nzi.

Kando ya duka, juu ya mawe, lilikaa lori lililokufa. Mwenye lori alikuwa Mzee Candia wa Aroi, aliyewahi kuliendesha mpaka Mombasa na kurudi lilipokuwa zima. Lilipogoma kabisa hapo kando yetu, hakuwa na moyo wa kuliuza vyuma. Alikuja kila siku kwa baiskeli, akapanda kwenye usukani, akasoma alichokipata, na chai ikiiva akashuka. Mkewe alisema amechoka kuwa na mume anayekwenda kazini ndani ya gari lisilokwenda.

Gazeti lenyewe lilitufikia kwa usahaulifu wa Mzungu mmoja mchimba visima. Shati zake alishonesha kwetu, na kwa kuwa kupata sanduku lake la posta kulikuwa na nenda-rudi nyingi, alimwomba Mama Poni atumie letu. Kazi yake ilipokwisha alituaga wote kwa mkono, akamwachia Mzee Candia kofia, akaondoka, akasahau kuwaambia watu wa gazeti kwamba amehama. Likawa linaendelea kuja kila mwezi, ndani ya mfuko wa nailoni unaong'aa, na jina lake juu. Mama Poni aliyatunza ndani ya kasha, akimngojea aandike. Hakuandika. Siku moja akakata mfuko mmoja kwa mkasi wa kitambaa, jambo ambalo sisi tungelifanya tungechapwa, akasema anafungua ili lisioze. Ndani mlikuwa na maji, maji, maji, na mashua zenye vitambaa vyeupe vilivyovimba. Sisi tulitazama mashua. Mama Poni alileta uso karibu mpaka pua ikagusa karatasi, akauliza kwa pini zake mdomoni, "Hii mishono, nani ameshona?"

Mzee Candia aliitwa kutoka kwenye lori ili aeleze, maana yeye ndiye pekee aliyeona bandari. Akavaa kofia ya Mzungu kwanza.

"Hii kitambaa, Waswahili ya bahari naita tanga," akasema. "Ikiwa mingi, ni matanga."

"Matanga ni kilio," Mama Poni akasema.

"Kwetu iko kilio. Kwao iko hii."

"Sasa wao wakifiwa nasema nini?"

Mzee Candia akafikiri. "Nasema tu matanga."

"Basi mutu akisema naenda matanga, wanajua namna gani kama anaenda kulia au anaenda safari?"

"Wanaangalia uso yake," akasema Mzee Candia, akaomba chai.

Tangu siku hiyo lilikuwa Gazeti la Matanga, na Jumamosi mchana, tukishafunga hesabu za yunifomu za shule tulizokuwa tunashona, tulilisoma. Mimi nasoma Kiingereza na kukigeuza, Mzee Candia ananisahihisha bila kujua ninachosoma, Keji anatia chumvi. Tulisoma mambo ya watu waliobishana kurasa nzima juu ya rangi ya kupaka tumbo la mashua. Tulisoma matangazo ya viatu visivyoteleza. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeandika kila mwezi juu ya paka wake anayesafiri naye, na siku paka alipougua Keji hakula. Mimi nimeketi na watu wengi tangu hapo, wengine wa maana sana, na sijakaa tena mahali ambapo watu walipenda kwa moyo wote kitu kisichowahusu hata kidogo. Simu yangu leo ina mashua zote za dunia. Naangalia moja, kidole kinateleza, nimeshaangalia ndoa ya mtu na vita vya mtu, na zote zimepita. Lile gazeti lilikuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo tulilazimika kulimaliza, mpaka anwani ya mwenye kiwanda cha kulichapa.

Jumamosi moja nikakuta ukurasa wenye picha ya cherehani. Mama Poni akanisimamisha pale pale. Walikuwa wanaanza mafunzo ya kushona tanga la mashua ndogo, tanga la pembe nne, sehemu moja kila toleo: kwanza kupima, halafu kukata, halafu mapindo na kamba za pembeni, na mwisho kutia tumbo. Nilisoma maelezo ya mwanzo mara mbili kwa sababu yalinishangaza. Walisema tanga likishonwa bapa ni shuka tu, halivuti kitu. Lazima kila ukingo wa kipande ukatwe kwa kupinda kidogo sana, ili vipande vikiungwa kitambaa kiwe na tumbo la kukamata upepo. Kiasi cha kupinda kingekuja sehemu ya mwisho. Mpaka hapo, vipande vishikizwe tu kwa uzi mrefu, visishonwe moja kwa moja.

Mama Poni alitoa pini zote mdomoni, jambo alilolifanya tu kanisani. "Nashona tangu nilikuwa msichana," akasema. "Nguo yote kazi yake kukaa juu ya mutu. Inakaa tu. Hii iko kitambaa inavuta. Nataka nishone moja inavuta kitu. Niione imeshiba upepo mara moja tu, halafu nitarudi kwa yunifomu." Hakuna aliyecheka, hata Keji. Mwanamke huyo hakuwahi kupanda mashua. Maji makubwa aliyoyajua ni Mto Kochi ukifurika, na Naili aliivuka mara moja kwa basi huku amelala. Tukapanga: sehemu ya mwisho ikishatoka na tanga likishaiva, tutakwenda Rhino Camp, ukingoni mwa Naili, tutaazima mtumbwi wa mtu, Mzee Candia atashika usukani, kwa sababu, alivyosema yeye, usukani ni usukani.

Kitambaa, marekani nzito, tulinunua Ariwara, ng'ambo ya mpaka, nikaibeba mwenyewe nyuma ya pikipiki. Mama Poni alikata juu ya meza, na meza ilipokwisha akakata sakafuni, sisi tumepanda juu ya viti na miguu yetu hewani. Mambo yakaenea mjini. Mpita njia akichungulia aliona watu wamezunguka kitambaa kikubwa cheupe, na akiuliza aliambiwa na Mzee Candia, kwa fahari, "Tunashona matanga." Watu walitikisa kichwa, wakapita kwa adabu. Sisi hatukuelewa kwa nini wateja wameanza kuongea kwa sauti ya chini dukani. Mmoja alinilipa gauni lake akanishika mkono muda mrefu, akaniambia nijikaze.

Halafu ikaja Jumamosi ya akina mama. Mke wa Mzee Candia alichoka kumwona mumewe akijifunga tai kila Jumamosi, akamwuliza anakwenda wapi. Mzee akasema, "Matanga, kwa Mama Poni." Wiki iliyofuata, matanga kwa Mama Poni. Ya tatu, matanga kwa Mama Poni. Mwanamke akaona aibu kubwa: jirani wa mumewe yuko kwenye msiba usiokwisha na yeye hajapeleka hata unga. Akawaambia akina mama wa kanisa. Tulikuwa katikati ya habari ya paka, tukasikia wimbo wa huzuni unashuka uchochoro, na mara mlango ukajaa wanawake wenye kuni vichwani, unga wa muhogo, sukari, na furushi la samaki wa angara waliokauka vizuri. Wakaketi sakafuni. Wakalia kidogo, kwa adabu. Mama Poni naye, kwa kuwa watu wazima wanalia nyumbani kwake na hajui kwa nini, akaanza kulia.

Mkubwa wao alipomaliza kufuta macho akauliza, "Sasa, Mama Poni, nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa," Mama Poni akasema.

"Na hii matanga ni ya nani?"

Mzee Candia akasimama na tai yake. "Iko ya mashua," akasema.

Wanawake wakaangaliana. "Mashua," mkubwa wao akasema polepole, kwa uchungu, "ni mtoto ya nani?"

Keji alitoka nje mbio na sisi tukamsikia akigonga kichwa kwenye mlango wa lori kwa kicheko. Ilibidi kufungua gazeti na kuonyesha. Waliangalia picha kwa muda mrefu, wakaelewa, na hawakukasirika, maana chakula kilikuwa kimeshafika na watu walikuwa wamekaa. Tukapika angara wote. Mkubwa wao aliondoka jioni akisema methali ambayo hatukuipenda siku ile: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Gazeti ndilo lililoanza kuugua. Sikujua kuwa ni ugonjwa, niliona tu limekonda. Kwanza yalipungua matangazo, na Keji alifurahi, akisema sasa tunapata maneno matupu. Halafu karatasi ya kung'aa ikawa karatasi ya kufifia. Halafu miezi miwili ikaja ndani ya toleo moja, na mwanamke wa paka hakuwemo, na hakuna aliyetuambia kama yeye ndiye aliyekufa au paka. Mama Poni alilipima kwa vidole kila lilipofika, kama anavyopima kitambaa ambacho muuzaji anadai ni kizito. Tanga lilikuwa limefika mapindo, vipande vimeshikizwa kwa uzi mrefu mweusi ili utoke kwa urahisi, limetundikwa ukutani likingoja tumbo lake.

Toleo lililotakiwa kuwa na sehemu ya mwisho lilikuja jembamba kama kitabu cha nyimbo. Ukurasa wa kwanza mhariri alikuwa ameandika maneno machache. Nilisoma kimya, nikarudia, nikatamani ningekuwa sijui Kiingereza. Alisema hili ndilo la mwisho kwenye karatasi. Wasomaji wa karatasi wamebaki wachache, posta na karatasi vimepanda, vijana wanasoma kwa kompyuta. Mafunzo yote yaliyobaki yatapatikana kwenye mtandao. Alitushukuru kwa uaminifu wetu wa miaka mingi. Nilipoyageuza kwa Kiswahili, Mama Poni aliuliza swali moja tu.

"Alijua sisi tuko?"

"Hakujua, mama," nikasema. "Alijua yule Mzungu wa visima."

"Basi kama angejua tuko hapa wanne," akasema, na hakumalizia.

Arua ilikuwa na duka moja la mtandao wakati huo, juu ya ghorofa, na umeme wa mji ulikuwa unakuja ukijisikia. Tulikwenda wote, Mzee Candia na tai. Kijana wa pale akaandika alichoambiwa, na ukurasa ukaanza kushuka pole pole, mstari kwa mstari: juu ya tanga, halafu bega la tanga, halafu kiuno. Hapo umeme ukakatika. Tukangoja kwenye ngazi tukila ndizi za kuchoma. Ulipowaka tena, picha haikurudi. Likaja dirisha dogo linalotaka namba ya kadi ya benki, nasi kati yetu hatukuwa na mtu mwenye kadi ya benki wala anayemjua mwenye nayo. Mama Poni alikigusa kioo kwa kidole, taratibu. "Kumbe gazeti imeingia ndani ya runinga," akasema, "na imefunga mlango." Kuteremka ngazi nilimshika mkono, si kwa sababu hakuweza kuteremka. Iliniuma sana. Bado inaniuma nikipita chini ya ghorofa ile, ingawa siku hizi wanauza viatu.

Alikataa kubahatisha tumbo. Mimi na Keji tulimwambia akate tu kwa jicho, mbona viuno vya magauni anavikata kwa jicho. Akasema gauni analijua kwa sababu anamjua mtu wa ndani, lakini upepo hajawahi kuupima. Tanga likabaki ukutani na uzi wake mrefu mweusi. Alisema iko siku mtu atafika kutoka mahali na sehemu ya mwisho mkononi.

Badala yake alifika kijana kutoka Aroi na habari kwamba mama mzazi wa Mzee Candia amefariki, na mvua imekuwa ikinyesha tangu alfajiri, na wafiwa wamebanana jikoni. Siku zile mjini hapakuwa na maturubai ya kukodi kama yangu. Watu walijisitiri kwa majani ya migomba na kwa chandarua cha kanisa, na chandarua cha kanisa kilikuwa kimekwenda kwenye msiba mwingine. Mama Poni alisimama akaangalia ukuta. Kisha akalitungua tanga, akaliweka chini ya sindano, akaanza kukanyaga. Alishona moja kwa moja, mshono wa kunyooka, mara mbili kila kiungo, juu ya ule uzi mrefu bila hata kuutoa.

"Mama, ukishona hivyo tumbo tena hakuna," nikasema.

"Mutu anyeshewe kwa sababu ya tumbo?" akasema, na hakuinua kichwa.

Keji alikuwa anavuta kitambaa upande wa pili wa cherehani, machozi yanamtoka kimya kimya, na mimi nilikuwa napaka nta ya mishumaa juu ya mishono ili isivuje. Tulifika Aroi jioni na tanga likafungwa juu ya mama mzazi wa Mzee Candia na ndugu zake, bapa kama meza, na mvua ikalipiga. Maji yakajaa katikati, vijana wakayasukuma kwa ufagio, yakajaa tena. Hakunyeshewa mtu. Mkubwa wa akina mama wa kanisa alikuwepo. Aliinua macho akaangalia juu, akaniambia kwa kuridhika, "Ala. Kumbe hii ndiyo matanga mlikuwa mnashona."

Hapo ndipo kazi yangu ilipozaliwa. Wiki hiyo hiyo mtu alikuja kuazima. Baadaye akaja mwingine, akataka kushonewa lake. Tukaacha yunifomu pole pole bila kutangaziana. Mama Poni alifundisha nusu ya mji huu jinsi ya kukaza kamba na kupigilia vigingi, na alikuwa hodari, hakuna turubai lake lililowahi kung'oka. Siku moja, miaka mingi baadaye, tukiwa tunafunga mahema ya harusi fulani na upepo unasumbua, alikaza fundo, akalipiga kofi, akasema bila hasira, "Mimi nilitaka upepo niingize ndani, Letaru. Sasa maisha yangu yote nafunga nje." Kisha akaniomba nyundo. Nilimpa nyundo. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Magoti yalipomshinda aliniachia duka, akarudi Koboko na vitu viwili vya maana, kasha la magazeti na lile tanga la kwanza. Keji, aliyekuwa amerudi kwao walipopata bendera yao, alivuka mpaka mara ya pili na watoto wake, vita vikiwa nyuma yake, akajenga karibu na mama. Ni yeye aliyemwogesha mwisho.

Nilifika Koboko na lori zima la maturubai. Siku hizi njia ni lami, unalala kidogo na umefika. Keji alikuwa amenenepa na mimi nimenenepa, tukakumbatiana kwa shida. Ndani, kwenye chumba cha Mama Poni, magazeti yalikuwa yamepangwa chini ya dirisha kwa miezi, yamefifia migongo, na lile lenye habari ya paka limetundikwa ukutani. Binti wa Keji, anayesoma sekondari, alinihurumia akatoa simu. "Nitakutafutia hiyo sehemu ya mwisho, mama mkubwa," akasema. "Kila kitu kiko." Alitafuta wakati sisi tunamenya vitunguu, akatafuta tukikoroga, halafu akaja na uso wa aibu. Jina la gazeti sasa linafungua ukurasa wa watu wanaouza bima. Mafunzo hayapo, paka hayupo, hakuna mlango wala kioo cha kugusa. Nikamwambia asijali, yale ya karatasi bado yako, na nikamwonyesha. Alikaa chini na kuyafungua, na kwa muda mrefu hatukumsikia.

Keji alivuta tanga kutoka chini ya kitanda. Nilikuwa na maturubai mapya ya kutosha uwanja mzima, lakini tulilitaka liwepo. Tukalitundika wima upande wa jeneza, ukingo wa juu kwenye mti mrefu wa mwanzi, pembe za chini zimefungwa kwenye vigingi, kama pazia. Mzee Candia aliletwa kutoka Aroi na mjukuu wake, kwa pikipiki mpaka stendi na kwa gari mpaka Koboko. Hasikii vizuri tena, na tai ilikuwa ile ile. Wakamwekea kiti mbele, akaligusa pindo, akatafuta kwa kidole uzi mrefu mweusi, akaupata.

Mchungaji alikuwa anasali wingu lilipotokea upande wa Kongo. Naujua upepo unaotangulia mvua kama watu wengine wanavyojua sauti ya mume anayerudi nyumbani, na kabla haujafika mikono yangu ilikuwa imeshaanza kutafuta kamba ya kukaza. Vijana wangu walikimbia na nyundo. Tanga likapigwa kwa nyuma, likatikisika lote, mwanzi ukalia. Kijana mmoja akapiga magoti kwenye kigingi ili akaze.

"Acha," Mzee Candia akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia, na mchungaji akanyamaza. "Letaru, iko namna gani ile walisema? Upepo ikiwa mingi?"

Nilikumbuka ukurasa wenyewe, chini kushoto, kwa wanaoanza. "Usipigane nao," nikasema. "Legeza kamba."

Nikafungua kamba ya upande wangu nikaishika mkononi. Keji akafungua ya kwake. Tukalegeza kidogo, kidogo tena, nalo likajaa. Nilikuwa nimejiandaa lipige kelele kama shuka, kwa sababu lilishonwa bapa, nilimwona kwa macho yangu akilishona bapa. Lakini maji ya mvua yalikuwa yamekaa katikati ya kitambaa kile kwenye msiba wa Aroi, na wa Ayivu, na misiba ya mji mzima, mwaka baada ya mwaka, yakivuta marekani kuelekea chini, na vijana wakiyasukuma kwa ufagio. Tumbo lilikuwa limeingia lenyewe. Likavimba jeupe na la duara juu ya Mama Poni, bila mkunjo hata mmoja, kama zile za kwenye gazeti, na mimi nikalia kwa sauti, sikujali kazi yangu.

Halafu likavuta. Nilihisi kamba inaniondoa, nikapiga hatua mbele, na Keji upande wa pili akapiga hatua mbele, wanawake wawili wazito, na vigingi vyetu vimebaki nyuma. Watu wote walisimama. Kijana mwenye nyundo aliuliza hii ni turubai ya aina gani.

"Hiyo si turubai," Mzee Candia akamwambia. "Hiyo iko tanga."

Na safari hii hakuna aliyeuliza nani amekufa.